Slaidi kumi za minyoo ya binadamu: askarisi safi, kichocho cha ugenini

Boksi ni la plastiki nyeusi, lina slaidi kumi zilizokwisha kupakwa rangi na kufunikwa, na ni aina inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara Arusha na Moshi. Wanaolinunua zaidi ni vyuo vya afya na shule zenye kidato cha tano na sita. Kwenye kifuniko hakuna jina la kiwanda, ila picha ya hadubini na orodha ya minyoo. Tumezipima slaidi hizi kwa hadubini ya kawaida ya shule, yenye lenzi za ×4, ×10 na ×40 na lenzi ya jicho ya ×10, kwa sababu kusifia slaidi kwa hadubini ambayo mnunuzi hana hakumsaidii.

Slaidi tatu za askarisi, mnyoo mrefu wa utumbo, ni nzuri sana, na kwa maoni yetu hizo ndizo zinazostahili pesa ya boksi zima. Kichocho, safura na tegu wameandaliwa kwa mkono wa fundi, rangi imekaa, kioo ni safi. Tatizo lao ni kwamba mnyoo aliye kwenye kioo si yule anayetafutwa kwenye choo na mkojo wa watu wa huku. Mwalimu asiyelijua hilo atafundisha kosa kwa kujiamini kabisa.

Kabla ya kuweka slaidi yoyote, jueni upana wa uwanja mnaouona. Lenzi ya jicho ikiwa imeandikwa namba 18, uwanja wa ×4 una milimita 4.5, wa ×10 una milimita 1.8, na wa ×40 una milimita 0.45, yaani mikromita 450. Hiyo ni rula ya bure, na humu tutaitumia kila mahali.

Slaidi ya kwanza ni askarisi jike, amekatwa kukingama katikati ya mwili. Jike mkubwa hufika sentimita 20 hadi 35 kwa urefu na milimita 3 hadi 6 kwa unene, kwa hiyo kwenye ×4 duara lake linakaribia kuujaza uwanja. Duara likionekana dogo kama nusu ya uwanja, huyo ni mnyoo mchanga, au mkato umepita karibu na ncha ya mwili, na hapo hamtaona mji wa mimba wala mayai. Mkato wa boksi hili umepita mahali panapofaa. Ukizungusha skurubu ndogo ya kulenga kwenye ×40 picha nzima inafifia kwa pamoja, na hiyo ndiyo dalili ya mkato mwembamba uliolala sawasawa.

Anzeni nje mwende ndani. Ganda la nje, yaani kutikali, ni utepe wa waridi usio na seli. Chini yake kuna haipodemisi, tabaka jembamba ambalo viini vyake havitenganishwi na kuta za seli. Tabaka hilo linavimba kuelekea ndani mahali panne na kufanya kamba nne: moja mgongoni, moja tumboni, na mbili ubavuni. Zile za ubavuni ni nene, na ndani ya kila moja kuna tundu dogo la mfereji wa kutoa taka. Kamba za mgongoni na tumboni zimebeba neva. Mwanafunzi akizipata kamba nne amekwisha kujua juu na chini ya mnyoo, na mengine yote yanafuata.

Misuli ndiyo sehemu ambayo slaidi hii inaishinda michoro ya vitabuni. Kila seli ya msuli ina sehemu tatu. Ile iliyoegemea haipodemisi ina nyuzi za kujikaza, nayo kwenye mkato inafanana na herufi U iliyopakwa waridi iliyokolea. Inafuata sehemu iliyotuna kama kifuko cheupe, yenye kiini. Kutoka hapo unatoka mkono mwembamba unaokwenda hadi kwenye kamba ya neva. Kwa wanyama wengi neva ndiyo inayoufuata msuli. Kwa askarisi msuli ndio unaoifuata neva. Mikono hiyo inaonekana vizuri kwenye ×10 karibu na kamba ya tumboni, ikikusanyika kama nyuzi za ufagio. Punguzeni mwanga kwa kubana dayaframu, kile kitundu cha mwanga chini ya meza ya hadubini, la sivyo vifuko vyeupe vitamezwa na weupe wa taa na wanafunzi watasema ni matundu.

Hapa palifaa maelezo ya ziada kwenye kijitabu cha boksi, maana ndipo anatomia inapokutana na duka la dawa. Misuli yote ya mnyoo huyu imelala kwa urefu wa mwili, hakuna hata mmoja unaozunguka, hivyo hawezi kujivuta na kujirefusha kama nyungunyungu. Anajipinda tu, akishindana na mgandamizo wa maji yaliyo ndani ya mwili wake. Dawa za minyoo pirantel na levamisoli hushika vipokezi vya misuli hiyohiyo, ikajikaza isiachie, mnyoo akashindwa kujishikilia akatoka na choo. Albendazoli, ile dozi moja ya miligramu 400, hushambulia tubulini, protini ya kujengea seli, na madhara yake yanaonekana kwenye seli za utumbo wa mnyoo. Ndiyo maana haimtoi papo hapo, bali inamnyima chakula polepole. Mwanafunzi aliyeshika slaidi hii haoni tena majina hayo kama orodha ya kukariri.

Utumbo ni mrija uliobonyea, katikati au kando kidogo, wenye safu moja tu ya seli ndefu. Hauna msuli wake. Chakula kinasukumwa na koromeo lililoko mbele. Kwenye ×40, ukingo wa ndani wa seli hizo una mstari kama nywele za burashi, na katika slaidi zetu mstari huo haujakatika. Hilo linaonyesha kwamba mnyoo alitiwa fomalini, dawa ya kuhifadhi, akiwa bado mbichi. Mnyoo aliyekaa saa nyingi kabla ya kuhifadhiwa huanza kuoza kwenye utumbo, na burashi ndiyo hutangulia kupotea.

Kisha uzazi, ambao ndio huwachanganya watu. Mrija wa uzazi umejikunja mara nyingi ndani ya mwili, kwa hiyo kisu kimoja kimeukata mara nyingi, na kinachoonekana kama viungo kumi na tano ni mirija miwili tu. Visahani vidogo visivyo na uwazi, vyenye seli zilizopangwa kama spoku za baiskeli kuzunguka kamba ya katikati, ni ovari. Vyenye uwazi mdogo na ukuta wa seli ndefu ni mirija ya mayai. Viduara viwili vikubwa vilivyojaa mayai ni miji ya mimba. Jike mmoja hutoa mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na mtu akiitazama miji ya mimba kwenye slaidi hii haoni ajabu tena.

Angalizo moja kwa wanaofundisha upimaji: mayai yaliyo ndani ya mji wa mimba si ya kahawia. Rangi ile ya dhahabu iliyozoeleka kwenye choo hutokana na nyongo ya binadamu, na yai hilo bado halijakutana nayo. Pia hayajaanza kugawanyika. Hapa utaona waridi na zambarau tu.

Kasoro ya slaidi hii ni nyufa kwenye kutikali, na sehemu mbili ambapo ganda limeachana na misuli. Si uzembe mkubwa. Ganda la askarisi ni gumu na halipitishi vitu kirahisi, kwa hiyo fomalini na nta vikipewa muda mfupi haviingii vizuri. Kisu kinapopita, ganda linavutika na ndani kunabaki nyuma. Kinachofaa ni kumkata mnyoo vipande vifupi kabla ya kumtia kwenye dawa. Nyufa zikiwa mbili tatu, chukueni. Zikizunguka duara lote, au misuli ikiwa imemeguka na kuelea, rudisheni.

Dume ana duara dogo zaidi na mrija mmoja tu wa uzazi badala ya miwili. Slaidi ni safi. Waambieni wanafunzi wasitafute mkia kwenye mbegu zake: mbegu za askarisi hazina mkia, hutambaa.

Slaidi ya mayai imechanganya yaliyorutubishwa na yasiyorutubishwa, na huo ni uamuzi mzuri wa aliyeiandaa. Yaliyorutubishwa ni ya mviringo, mikromita 45 hadi 75 kwa urefu, na koti lenye manundu. Manane hivi yakipangwa foleni yanaupitia uwanja wa ×40. Yasiyorutubishwa ni marefu, hufika mikromita 90, yana koti jembamba na ndani yamejaa chembe zisizo na mpangilio. Hayo ndiyo huwaponyoka wapimaji wapya, wakayaita uchafu. Mayai yamewekwa kwenye jeli ya gliserini na kuzungushiwa gundi pembeni, na gundi hiyo ndiyo sehemu dhaifu. Kwenye joto la Moshi la Januari hadi Machi inapasuka, hewa inaingia, na kipovu kinakua wiki hadi wiki. Mkiinunua tu, zungushieni rangi ya kucha isiyo na rangi mara mbili, mkiacha ya kwanza ikauke kabisa.

Sasa kichocho, na hapa tunaomba msomaji asiharakishe.

Slaidi ya nne ni jozi: dume amemkumbatia jike ndani ya mfereji wa mwili wake, wote wazima, wamepakwa kamini, rangi nyekundu. Kwa uzuri wa macho hii inaongoza boksi zima. Vifyonzi viwili vya dume vinaonekana, cha mdomoni na cha tumboni. Mirija miwili ya utumbo inaachana, kisha inakutana tena na kuendelea kama mmoja. Na utumbo wa jike una weusi, ambao ni mabaki ya damu aliyokula. Lebo inasema kichocho, basi.

Ni kichocho cha Asia, Schistosoma japonicum. Tulikitambua kwa mambo matatu ambayo yeyote anaweza kuyahakiki. Kwanza, ngozi ya dume ni laini, wakati dume wa Schistosoma mansoni, yule wa kichocho cha tumbo, ana manundu mgongoni yanayoonekana kwenye ×10 ukibana mwanga. Pili, ovari ya jike iko katikati ya mwili. Kwa mansoni iko nusu ya mbele. Tatu, mji wa mimba umejaa mayai mengi, ilhali mansoni huwa na yai moja hadi manne tu kwa wakati mmoja. Korodani peke yake hazitoshi kuamua: mansoni ana 6 hadi 9, japonicum ana kama 7, wanaingiliana. Haematobium, yule wa kichocho cha mkojo, ana 4 au 5.

Japonicum yuko China, Ufilipino na sehemu ya Indonesia, na konokono wake hayupo Afrika. Kwetu anayehusika ni mansoni na haematobium, kwenye mifereji ya mpunga ya Chekereni na Mabogini, na kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, ambako Alan Fenwick alifanyia utafiti wake wa kudhibiti kichocho cha tumbo uliochapishwa mwaka 1972. Inasikitisha kuona chuo kilichoko kilomita chache kutoka kwenye mifereji hiyo kikimfundisha mtaalamu wa maabara kwa mnyoo ambaye hatamwona maisha yake yote, bila mtu kumwambia.

Madhara yanaonekana wazi zaidi kwenye slaidi ya tano, kipande cha ini chenye mayai. Yai la mansoni lina mikromita 114 hadi 180 kwa urefu na mwiba mkubwa ubavuni, hivyo linachukua karibu theluthi ya uwanja wa ×40. La haematobium linakaribiana nalo kwa ukubwa, mwiba ukiwa kwenye ncha. Mayai yaliyo kwenye ini hili ni ya duara, mikromita 70 hadi 100, hayana mwiba wa maana, na yamelala kwa mafungu, maana japonicum hutaga mayai mengi mahali pamoja. Mwanafunzi aliyezoea picha hii akienda wodini akaonyeshwa yai moja lenye mwiba lililozingirwa na seli za kinga, hatalitambua. Tena hata ini lenye mansoni wa kweli huficha mwiba mara nyingi, kwa kuwa kisu si lazima kipite pale ulipo. Kwa hiyo slaidi ya ini isitumike kufundishia mwiba hata kidogo. Ifundishie jinsi mwili unavyolizungushia yai ukuta wa seli, kisha makovu, na kwa hilo slaidi hii ni nzuri kabisa.

Serkaria, yule anayetoka kwenye konokono na kupenya ngozi, ameandaliwa vizuri na mkia wake wa panda umebaki mzima. Kwa macho ya hadubini ya shule hatofautiani na wa kwetu. Tumieni bila wasiwasi.

Safura ni kisa hichohicho. Slaidi ya saba inaonyesha kichwa, na mdomoni kuna jozi tatu za meno. Ancylostoma duodenale wa binadamu ana jozi mbili, na Necator americanus hana meno hayo, ana mabamba mawili ya kukatia. Jozi tatu ni safura wa mbwa, Ancylostoma caninum. Sababu inaeleweka: mnyoo wa binadamu hutoka baada ya dawa akiwa amekufa na pengine ameharibika, ilhali wa mbwa huchukuliwa mzima kwenye mzoga. Kwa kufundishia umbo la kapsuli ya mdomo anafaa. Kwa kufundishia tofauti ya spishi, hafai.

Tegu vilevile. Kichwa kina vifyonzi vinne na taji la kulabu safu mbili, kwa hiyo si tegu wa ng'ombe, ambaye hana kulabu. Tegu wa nguruwe, Taenia solium, ana kulabu 22 hadi 32. Hapa tulihesabu zaidi ya 40, jambo linaloelekeza kwa tegu wa mbwa. Katika mikoa ya kaskazini, ambako kitimoto inaliwa sana na tegu wa nguruwe ni tatizo linalojulikana Mbulu, kuhesabu kulabu si mchezo wa darasani. Slaidi ya pingili iliyokomaa ina kosa jingine, la utengenezaji: pingili ni nene, kavaslipu, yaani kioo chembamba cha juu, imeinuliwa kwa vipande vya kioo, na lenzi ya ×40 inaigonga kabla picha haijatulia. Kwenye pingili hii msivuke ×10. Hata hivyo ×10 inatosha kuhesabu matawi ya mji wa mimba, upande mmoja tu, yakihesabiwa yanapoanzia kwenye shina: solium 7 hadi 13, tegu wa ng'ombe kwa kawaida 15 hadi 20. Msihesabu ncha, maana matawi hugawanyika njiani na hesabu itaruka.

Minyoo mjeledi, slaidi ya kumi: mayai ya umbo la pipa yenye vizibo viwili, mikromita 50 hadi 55. Haina kasoro.

Dukani ombeni hadubini muwekewe slaidi nne tu: askarisi jike, jozi ya kichocho, pingili ya tegu, na mayai ya askarisi. Hizo ndizo zinazotofautiana kutoka boksi hadi boksi. Inueni kila slaidi dhidi ya mwanga: umanjano wa gundi maana yake imekaa miaka, na rangi iliyopauka upande mmoja maana yake ilikaa dirishani. Boksi likisafirishwa Arusha hadi Moshi, lisiwekwe mbele ya gari juani. Gundi ikilainika wakati slaidi zimesimama kwenye matundu yake, kipande huteleza kuelekea ukingoni na hakirudi. Nyumbani laza boksi ili slaidi zilale, kabatini, mbali na chanzo cha maji. Kufuta, tumieni karatasi ya lenzi baada ya kupuliza vumbi, kwa sababu vumbi la udongo wa volkano la Arusha linachubua kioo likisuguliwa.

Boksi halina yai la safura wala la kichocho cha hapa. Pengo linazibwa na choo cha kweli, kilichopatikana kwa taratibu za hospitali na kuhifadhiwa kwenye fomalini, pamoja na choo kibichi cha kupimia kwa Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai kwenye choo, kwa kibao cha miligramu 41.7, ambapo mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Kato-Katz ikisomwa baada ya saa moja, gliserini imekwisha kuyafuta mayai ya safura, kwa hiyo anzeni na hayo.

Lebo za kiwandani msizing'oe. Bandikeni karatasi ndogo upande wa pili wa kioo, kwa penseli, kwa sababu wino hufutwa na spiriti: ya nne na ya tano, «japonicum, Asia», ya saba, «safura wa mbwa, meno jozi tatu», ya nane, «kulabu zaidi ya 40, si solium», ya tisa, «mwisho ×10».